Furaha hujifunzwa: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa Mkristo aliyechoka kuisubiri

Nyuma ya daladala, kwenye fulana za kwaya, kwenye kalenda za kanisa, utaukuta mstari huu: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Ni Wafilipi 4:13. Rudi mistari miwili tu nyuma yake, Paulo anasema neno ambalo sijaliona kwenye daladala hata moja: "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo."

Nimejifunza. Hakusema aliwekewa mikono akaipokea Jumapili moja, wala kwamba alizaliwa na moyo mwepesi.

Mimi ni fundi cherehani, najua kujifunza ni kitu gani. Mwaka wa kwanza kwa shangazi yangu sikushona nguo ya mtu. Nilijaza uzi kwenye bobini, nikafumua mishono iliyoharibika, nikafagia vipande vya vitenge. Siku aliyonipa kitambaa nikate, mkono ulishajua mkasi kabla kichwa hakijaamua. Ndivyo ninavyoiona furaha ya Kikristo sasa, baada ya miaka mingi ya kudhani ni hali ya hewa inayokuja na kuondoka. Mwongozo huu umefuata barua ya Wafilipi, pamoja na zaburi chache na habari za Eliya. Ufanye kwa mwezi mmoja. Utahitaji Biblia, daftari la kawaida na kalamu.

Kabla ya kuanza: mjue aliyeandika

Soma Matendo 16. Filipi ulikuwa mji wa Makedonia, eneo ambalo leo liko kaskazini mwa Ugiriki, nao ulikuwa koloni la Warumi. Paulo na Sila walipigwa kwa bakora pale hadharani, wakatiwa gerezani na miguu yao ikafungwa kwenye mkatale. Usiku wa manane walikuwa wakiomba na kuimba, na wafungwa wengine wakiwasikiliza. Miaka ilipopita Paulo akawaandikia watu wa mji huohuo, naye yuko kifungoni tena, hajui kama atatoka hai au atauawa (1:20-23). Barua hiyo ni sura nne tu, unaweza kuimaliza huku maharage yakiendelea kuchemka. Furaha na kufurahi vimetajwa humo zaidi ya mara kumi.

Lakini usikimbilie kusema "basi Paulo hakuwa na huzuni." Katika 2:27 anaeleza kwamba Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi kwake, aliugua karibu na kufa, na kwamba Mungu alimhurumia ili Paulo asipate huzuni juu ya huzuni. Kwa hiyo huzuni moja ilikuwepo tayari. Mtu huyu alikuwa na huzuni na furaha kwa wakati mmoja, na hakuona aibu kuviandika vyote kwenye karatasi moja. Ukilishika hili, hatua zote zinazofuata zitakuwa nyepesi.

Hatua ya kwanza: tenganisha maneno

Kiswahili kimetusaidia hapa. Raha ni ya mwili: umetembea juani, ukapewa maji ya mtungini, ukakaa chini ya mwembe. Anasa ni raha iliyopitiliza mpaka inakudai. Furaha ni ya moyo. Halafu kuna heri, ambalo ndilo neno linalofungua Zaburi ya 1, na ndilo Yesu alilolirudia pale mlimani katika Mathayo 5. Heri si hisia. Ni hali ya mtu aliye mahali pazuri mbele za Mungu, hata kama machozi yanamtoka. Ndiyo maana Yesu aliweza kusema "Heri wenye huzuni" na sentensi ikasimama.

Fungua daftari, andika bila kujipendekeza: "Nitafurahi nikipata…" Jaza mpaka uishiwe. Kodi ya fremu, mchumba, mtoto, kiwanja, kuhama kwa mama mkwe. Usivikemee vitu hivyo, maana Mungu aliviumba vingi kati yake na si dhambi kuvitaka. Weka alama kwenye vile ulivyowahi kuvipata kabla, kisha jiulize furaha yake ilidumu siku ngapi. Mimi nilipopata cherehani ya umeme nilicheka wiki mbili. Wiki ya tatu nikaanza kutaka ya kudarizi.

Orodha hiyo itunze, tutairudia.

Hatua ya pili: kula, ulale

Watu wa kiroho wataniona nimepotoka kwa kuliweka hili mbele ya maombi. Sikuliweka mimi. Katika 1 Wafalme 19, Eliya ametoka kushinda vita kubwa ya kiroho kule Karmeli, halafu anakimbia, anaketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, na kuomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena. Hapo ndipo akapata nguvu ya kutembea siku 40 hadi Horebu, na mazungumzo na Mungu yakafanyika huko, baada ya usingizi na chakula.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usifunge, usikeshe. Lala mapema siku saba mfululizo, kula kwa wakati, tembea kidogo kila siku. Simu ilale chumba kingine. Wengi wetu tunaodhani tumepoa kiroho tumekosa usingizi tu.

Na hapa niseme jambo zito. Kuna huzuni inayopita, na kuna sonona, ambayo ni ugonjwa. Kama wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hakuna kinachokupa ladha, usingizi umevurugika, chakula hakipandi, unajiona huna thamani, nenda hospitali ukamweleze daktari. Kama mawazo ya kujidhuru yamekuja, usisubiri wiki mbili wala ibada ya Jumapili: mwambie mtu leo, na asikuache peke yako mpaka mfike kwenye matibabu. Akitokea wa kukuambia ni pepo, au imani yako ni ndogo, mpe heshima yake na uende hospitali hata hivyo. Mtu akivunjika mguu tunamwombea tukiwa njiani kumpeleka kwa daktari. Sijui kwa nini kichwa tukifanyie tofauti.

Hatua ya tatu: lia kwanza

Kanisani kwetu ukiulizwa "u hali gani?" jibu ni moja: "Bwana asifiwe, mzima." Hata aliyefiwa juzi anajibu hivyo. Tumefundishana kutabasamu mpaka tumesahau kwamba sehemu kubwa ya zaburi ni vilio.

Chukua Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne, kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja. Miwili ya katikati inaomba. Miwili ya mwisho inatumaini na kuimba. Hakuna mahali panaposema shida iliondoka.

Andika yako kwa mpangilio huohuo. Sehemu ya kwanza, mlalamikie Mungu waziwazi, kwa lugha unayoitumia jikoni. Sehemu ya pili, omba kitu kimoja. Sehemu ya tatu, taja jambo moja ambalo amewahi kukutendea na ulilishuhudia mwenyewe. Sehemu ya tatu ikikataa kutoka, iache wazi. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, na bado iliwekwa ndani ya kitabu cha sifa.

Soma ulichoandika kwa sauti, mlango umefungwa. Usiruke kusoma kwa sauti. Kilio kilichobaki kichwani huzunguka kama nzi kwenye chandarua.

Hatua ya nne: fumua mshono ulioharibika

Nitaeleza kwa mfano wangu, kwa sababu hapa ndipo mimi nilikwama.

Mteja alileta kitambaa cha gauni la sendofu, rangi ya dhahabu, cha gharama. Siku mbili kabla ya shughuli nikawa napiga pasi ya mkaa, mtoto akaniita, nikageuka. Sekunde chache. Niligeuka tena kwa harufu. Kwenye mkunjo wa kiuno palikuwa na doa la kahawia, ukubwa wa jani la mchicha. Nilichofanya ni kulifunika kwa mkanda wa lesi, na mteja alipouliza mbona mtindo umebadilika, nikamwambia kitambaa kilikuja na kasoro dukani. Akaamini. Akanishukuru hata, eti nimemsitiri.

Majuma matatu baada ya hapo niliimba kwaya, nilitoa sadaka, niliongoza maombi ya jumuiya, na ndani nilikuwa mkavu kama kuni. Zaburi 32:3 inasema mtunzi aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Nilikuwa naijua tangu kipaimara, ila sikujua kwamba mifupa inayosemwa ni yangu. Siku niliyokwenda kwa yule mteja kusema ukweli alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, ungeniambia siku ileile ningelia siku moja." Nilimlipa nusu ya thamani ya kitambaa kwa awamu tatu. Nilirudi nyumbani sina hela na nilicheka njiani peke yangu kama kichaa.

Kizazi cha bibi zetu kililijua hili vizuri. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho lililoanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, liliwafundisha watu "kutembea nuruni": kuungama mambo kwa majina yake mbele ya ndugu, kurudisha kilichoibwa, kuomba radhi. Na wimbo waliojulikana nao kila mahali, ule wa Tukutendereza (Kiganda, "tunakusifu"), ni wimbo wa kumsifu Yesu. Toba na wimbo vilitoka kinywa kimoja.

Sasa angalia Wafilipi sura ya 4. Tunapenda kuanzia mstari wa 4, "Furahini katika Bwana siku zote." Anzia wa 2. Kuna wanawake wawili, Euodia na Sintike, watenda kazi pamoja na Paulo, wamekosana. Anawataja kwa majina, katika barua itakayosomwa kanisa zima likisikia, na anamwomba mwenzake awasaidie wapatane. Halafu ndipo anaamuru furaha. Sidhani ni bahati mbaya.

La kufanya: andika jina moja. La mtu uliyemkosea, au mnayepishana bila salamu. Moja tu. Kama ni wewe uliyekosa, nenda kwa miguu, usitume ujumbe, sema ulichokifanya bila kuongeza "lakini na wewe." Lipa kinacholipika. Kama yeye ndiye aliyekuumiza na bado ni hatari kwako, kumsamehe hakukulazimishi kurudi chini ya mkono wake. Samehe ukiwa mbali, na uombe mchungaji au mtu mzima mwenye busara asimame kati.

Hatua ya tano: geuza wasiwasi uwe ombi lenye tarehe

Wafilipi 4:6 ni maelekezo ya kazi kabisa: msijisumbue kwa neno lolote, bali kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu zijulikane na Mungu. Tatizo ni kwamba haja zetu hatuzijui wenyewe. Tunasema, "Bwana bariki biashara yangu." Hiyo haishikiki. Usiku utaamka na wasiwasi uleule, maana hukuutaja.

Kila jioni, baada ya chakula, kaa dakika kumi na daftari. Gawa ukurasa mara tatu.

Upande wa kushoto andika kinachokusumbua kwa kipimo: "Kodi ya fremu imepungua 60,000, inatakiwa tarehe 5." Katikati andika unachomwomba Mungu na kile kimoja kilicho ndani ya uwezo wako: "Nipe kibali kwa mwenye fremu, kesho saa nne nitampigia." Kulia andika shukrani tatu za leo. Nakukataza kuandika "uhai na uzima," zile tunazosema kila mtu akisimama kushuhudia mpaka zimechakaa. Andika kitu chenye sura: umeme haukukatika mpaka nikamaliza sare nne, mtoto wa jirani ameniletea embe moja lililoliwa upande, mguu haukuuma kupanda mlima.

Siku tatu za kwanza upande wa kulia utakuwa mgumu. Baada ya wiki utajikuta mchana unatafuta cha kuandika jioni, na kutafuta huko ndiko kunakobadilisha macho.

Mstari wa 7 unasema amani ya Mungu itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "itawahifadhi" ni la askari wanaolinda mji. Watu wa Filipi, mji wenye askari wastaafu wa Kirumi, walijua mlinzi anasimama wapi: langoni, na vurugu ziko palepale nje.

Hatua ya sita: chunga mlo wa macho

Fupi. Mstari wa 8 wa sura hiyohiyo ya 4 unataja mambo ya kweli, ya haki, safi, yenye kupendeza, na kusema "yatafakarini hayo." Kwa wiki mbili usishike simu kabla ya kusali na kunywa chai asubuhi. Stetasi za watu wanaokutia wivu zizime; hawatajua. Ukimaliza kutazama kitu, jiulize kimekuacha na kiu au kimekushibisha. Mahubiri ya mitandaoni nayo yamo humo. Mengine yanatisha kuliko taarifa ya habari.

Hatua ya saba: toa usichorudishiwa

Paulo aliwaambia wazee wa Efeso kwamba Bwana Yesu alisema ni heri kutoa kuliko kupokea (Matendo 20:35). Heri, neno letu lilelile. Na hao Wafilipi walikuwa watoaji: walimtuma Epafrodito na zawadi gerezani, na 2 Wakorintho 8 inayasifu makanisa ya Makedonia kwamba umaskini wao mwingi na wingi wa furaha yao vilizaa ukarimu.

Hii sitaki uichanganye na "panda mbegu uvune mara mia." Kutoa ili Mungu akurudishie ni biashara, na biashara ina wasiwasi wake: utakaa unachungulia dirishani kama mavuno yamefika. Nimeona mtu akitoa ada ya mtoto madhabahuni akingoja muujiza, mtoto akakaa nyumbani muhula mzima. Yesu katika Luka 14 anafundisha kinyume: alika wasioweza kukualika.

Kila wiki fanya tendo moja la mikono, dogo, la siri. Mfulie mgonjwa shuka. Mchotee bibi maji. Kaa na mama aliyejifungua ummenyee viazi huku analala. Fedha ni rahisi kutuma kwa simu, ndiyo maana naipendekeza mwisho.

Hatua ya nane: usiifanye peke yako

Jumuiya ndogondogo, ushirika wa nyumba kwa nyumba, kikundi cha akina mama, chochote kanisa lako linachokiita. Warumi 12:15 inatuamuru kufurahi na wafurahio na kulia na waliao. Kulia tunajua, msiba ukitokea maturubai yanasimama kabla ya jioni. Kufurahi na mwenye kufurahi ndiko kunakotushinda. Mwenzako amejenga, unasema "hongera" na meno tu.

Kwa hiyo zoezi: rudi kwenye ile orodha ya hatua ya kwanza, tafuta kitu unachokitaka ambacho mwenzako amepata. Nenda kampongeze kwake, mwombe akueleze kilivyomjia, msikilize mpaka mwisho, kisha mshukuruni Mungu pamoja kwa ajili yake. Usitaje yako. Mara ya kwanza niliyofanya hivyo nilitoka kichwa kinauma. Mara ya tatu nilikuwa nauliza rangi ya vigae.

Mpangilio wa mwezi

Wiki ya kwanza: usingizi, chakula, orodha, na Wafilipi sura ya 1 kila siku, sura ileile. Jumatano andika zaburi yako. Wiki ya pili: sura ya 2, anza daftari la jioni, na kabla ya Jumapili uwe umemwendea mtu wa hatua ya nne, usipofanya hilo usiende wiki ya tatu, rudia ya pili. Wiki ya tatu: sura ya 3, mlo wa macho na tendo la siri. Wiki ya nne: sura ya 4, pongezi, na kumweleza mtu mmoja wa jumuiya yako ulichopitia, pamoja na vilivyokushinda.

Vitakushinda baadhi. Mimi daftari langu lina kurasa tupu za mwezi wa nane wote, mwaka niliomzika shangazi. Ukiruka siku, usikae kujaza zilizopita kama mtoto anayenakili mazoezi ya mwenzake. Fungua ukurasa unaofuata, andika tarehe ya leo, anza na upande wa kulia.